Neno Refu na Maana Yake

Liko neno moja la Kiingereza ambalo wanafunzi hupenda kulikariri ili wastaajabiwe, nalo ni "antidisestablishmentarianism", lenye herufi 28. Hatuwalaumu kwa kulipenda. Twalaumu namna wanavyofundishwa, maana hulisema kama kasuku, wala hawaulizwi maana yake.

Kwa kinywa neno hili lina silabi 12: an-ti-dis-es-tab-lish-men-tar-i-an-is-m. M ya mwisho husimama peke yake, kama m ya "mtu". Mkazo mkuu huangukia silabi ya nane, "tar". Nasi wasemao Kiswahili, tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hukosea hapo upesi. Tena huongeza vokali zisizokuwako, tukasema "tabu" na "lishi".

Walakini mkato wa kinywa si mkato wa maana. Hata "mwalimu" kinywa hukata mwa-li-mu, lakini maana hukata mw-alimu, na kwa wingi twasema walimu. Kadhalika neno hili. Kiini chake ni "establish", yaani kusimika imara, neno lenye asili ya Kilatini. Likiongezwa "ment" ni hali ya kanisa kuwekwa na sheria kuwa kanisa la dola. "Dis" huitengua hali hiyo. "Arian" ni mtu ashikaye shauri hilo. "Ism" ni shauri lenyewe. Na "anti" ni kulipinga. Basi jumla yake ni msimamo wa wale wasiokubali kanisa litenganishwe na dola.

Wala jambo hili halikuwa mchezo. Huko Ireland, ambako watu wengi walikuwa Wakatoliki, Kanisa la Anglikana lilitenganishwa na dola kwa sheria ya mwaka 1869, iliyoanza kutumika 1871. Wales ilipata sheria yake mwaka 1914, ikatimizwa 1920. Kanisa la Uingereza lingali kanisa la dola hata leo. Mwanafunzi aliyekariri herufi 28 tu hajui kwamba ametaja ugomvi mkubwa wa Wakristo juu ya kanisa na serikali.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: fundisheni silabi ili ulimi usikwame, kisha fungueni neno kipande kwa kipande ili akili ishibe. Mtume Paulo naye aliwaonya Wakorintho juu ya maneno yasiyoeleweka. Neno fupi lililoeleweka lamfaa mtoto kuliko refu lililo tupu.