Mnada wa Vérité na jembe la Mfipa

Juni 2006, katika nyumba ya minada ya Drouot jijini Paris, zaidi ya vitu 500, vingi vikiwa vya sanaa za Afrika, viliuzwa kwa siku mbili na kuingiza takribani euro milioni 44. Vilikuwa mali ya Pierre Vérité na mwanawe Claude, wafanyabiashara wa vitu vya kale. Kinyago kimoja cha Wafang wa Gabon, cha aina ya ngil, kilifika takribani euro milioni 5.9, ada ya mnada ikiwemo. Bei hiyo ilizungumzwa sana. Kazi iliyotangulia rungu la dalali haikuzungumzwa vya kutosha.

Pierre Vérité alikuwa na duka. Wateja walinunua alichokubali kukiachia, na alichokipenda mno kikabaki nyumbani. Kwa hiyo waliofika Drouot walikuwa wakinunua pia jicho lake: kitu ambacho mjuzi kama huyu amekataa kukiuza miaka yote hiyo hakihitaji kusifiwa. Tena vingi havikuwa vimepita sokoni kwa miongo kadhaa, na mnunuzi mwenye fedha huogopa kwamba nafasi hiyo haitarudi. Juu ya hapo kuna katalogi: namba, picha, vipimo, nyufa, kilichowahi kutengenezwa upya, na mikono ambayo kitu kimepitia. Makadirio ya bei huwekwa chini kiasi cha kumtia moyo mshindani wa pili, kwa maana tajiri mmoja peke yake hawezi kupandisha bei.

Katika safu ile ya wamiliki ndipo ninapokwama. Kwa sehemu kubwa ya vitu vya namna hii, orodha huanza na Mzungu wa kwanza aliyevinunua. Aliyevichonga hana jina.

Vitu vya kwetu Tanzania vinaweza kuandikwa vizuri zaidi. Chukua jembe la kale la Ufipa, kusini-magharibi mwa nchi. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo yanayofikia kama mita tatu, yenye matundu kuzunguka kitako ili hewa ijivute yenyewe bila mivuo. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na uchafu, kikasafishwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipotumika. Kisha kikafuliwa. Jembe lilitumika kulima, na pia lilitolewa mahari. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Tanzania, aliyachunguza mabaki ya kazi hiyo wilayani Nkansi, huko huko Ufipa, katika miaka ya 1990, na malungu kadhaa bado yamesimama.

Jembe hilo likifika mjini Sumbawanga bila maelezo, ni uzito tu kwenye mizani ya vyuma chakavu. Likiandikwa kijiji lilikotoka, ukoo wa mfuaji, ndoa iliyolihamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine, alama za nyundo usoni na mkia uliochomekwa kwenye mpini, linakuwa na historia inayoanzia kwenye tanuru, jambo ambalo Drouot ilishindwa kulitimiza kwa vinyago vyake vingi.

Simaanishi tuyapeleke majembe Paris. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inataka kibali kabla ya vitu vya aina hii kutoka nchini, na ni haki iwe hivyo. Ipo pia njia ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya: katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya nchi yake maktaba na mkusanyiko wake, badala ya kuuza nje. Leo sehemu kubwa inaonekana katika jengo la Nyaraka za Taifa, Nairobi. Mnada hutawanya mkusanyiko kipande kwa kipande. Mauzo ya mkupuo kwa taasisi ya umma huuacha pamoja, ingawa fedha huwa kidogo.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, kazi ya kwanza ni daftari, rula, kamera ya simu na mzee aliyekubali kuulizwa. Ningeanzia Nkansi, kwa wajukuu wa wafuaji, kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu kupita.