Hongera, fundi wa raba za vioo

Fundi wa injini husifiwa na kila mtu. Pongezi zangu leo ni za fundi anayebadilisha raba za vioo vya milango, hasa wa Arua na Koboko huko Uganda, anapoletewa Land Cruiser ya mfululizo wa 40, gari lililoacha kutengenezwa Japani 1984.

Mtazame anavyotoa mkono wa kioo. Hapigi nyundo. Hupitisha kitambaa nyuma yake, akakivuta huku na huku mpaka kibanio cha chuma kichomoke. (Kidake mapema, kikiangukia vumbini hukioni tena.) Raba kuukuu hutoka vipande vipande, imekaushwa na jua. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, rangi hupakwa, na matundu ya kutolea maji chini ya mlango huzibuliwa. Raba mpya huingizwa kwa maji ya sabuni. Oili marufuku, maana huivimbisha. Tena huikata ndefu kidogo, kwa sababu raba iliyovutwa hujirudi baadaye na kuacha pengo.

Pengo hilo utalijua siku ya safari. Lami ipo kutoka Arua kupitia Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, lakini ukikata kwenda vijijini, vumbi jekundu linakusubiri.

Raba ya kiwandani ikikosekana, fundi hukata ya kuuzwa kwa mita. Wapenzi wa magari ya maonyesho watanuna. Gari la kubebea mihogo haliendi kwenye maonyesho.