Kuitambua Pawa Saplai Bora ya Kompyuta ya Gemu

Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania au 240 Kenya, na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Katika kompyuta ya gemu ya leo, njia ya volti 12 ndiyo inayobeba karibu mzigo wote, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hula hapo. Kwa hiyo ukaguzi huanza kwenye kibandiko kilicho ubavuni mwa kifaa chenyewe, si kwenye tarakimu kubwa za boksi. Ampea za njia hiyo zikizidishwa kwa 12, jibu hupaswa kukaribia wati zilizotangazwa. Ampea 54 hutoa wati 648, na pawa saplai hiyo inastahili kuitwa ya wati 650. Inayojiita ya wati 600 huku ikiandikwa ampea 30 ina wati 360 tu mahali zinapohitajika, na hapo hakuna haja ya kuendelea na ukaguzi.

Ukubwa unaofaa huamuliwa na kadi ya grafiki. RTX 4060 hutumia wati 115 hivi, na Nvidia hupendekeza pawa saplai ya 550. RTX 4090 hutumia 450, pendekezo likiwa 850. Nafasi hiyo haikuachwa kwa anasa. Kadi za sasa huruka ghafla na kudai umeme mwingi mno kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na pawa saplai dhaifu huzima kompyuta katikati ya mchezo huku lawama zikiangukia kadi. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0, kilichotolewa na Intel mwaka 2022, kinazitaka pawa saplai zenye plagi mpya ya wati 600 zistahimili mruko wa mara mbili ya uwezo wao kwa maikrosekunde 100.

Nembo ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004, husomwa vibaya na wengi. Inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto: daraja la dhahabu, kwa kipimo cha volti 115, hufikisha asilimia 90 kwenye nusu ya mzigo. Haisemi lolote kuhusu utulivu wa volti. Isitoshe, kipimo hicho hufanywa kwenye nyuzi 23 za Selsiasi, hali ambayo Mombasa au Dar es Salaam haiijui mchana wa Februari. Mtengenezaji anayejiamini huandika kwamba wati zake zinapatikana hata kwenye nyuzi 40 au 50.

Ndani, siri kubwa ni kapasita. Zinazovumilia nyuzi 105 huzishinda kwa mbali za nyuzi 85, kwani kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa takriban nusu. Majina ya Kijapani kama Nichicon, Rubycon na Nippon Chemi-Con yana heshima yake. Hata hivyo mnunuzi hapaswi kufungua kasha, maana kapasita hubaki na umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Bora kusoma tathmini za wapimaji waliokwisha kulifungua, na humo kutafuta kipimo cha viwimbi kwenye volti 12: kikomo ni milivolti 120, lakini iliyo nzuri hasa hukaa chini ya 30.

Swichi nyekundu ya 115 na 230 mgongoni ni dalili ya usanifu wa zamani au wa bei ya chini. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa ukutani, kifaa huungua papo hapo. Iliyo bora hupokea volti 100 hadi 240 yenyewe. Aina hii, hata hivyo, huweza kugombana na UPS za bei nafuu zinazotoa wimbi la kuigiza, hivyo UPS ya wimbi halisi ni salama zaidi umeme unapokatika.

Nyaya zinazochomoleka hurahisisha kazi, lakini zisichanganywe na za pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia: mpangilio wa pini upande huo hauna kiwango cha pamoja, na kosa moja huunguza diski. Dhamana ya miaka 7 hadi 10 ni kauli nzito ya mtengenezaji, mradi muuzaji aliye karibu akubali kuitekeleza.