Mkono wa Kufunga Sanduku la Hija

Kwetu Ng'ambo, Unguja, mtu akijaaliwa kupata nafasi ya kwenda hija, siku ya kwanza hupewa hongera na siku ya pili huulizwa nani atamfungia sanduku. Hawamtanii. Kila mtaa una mwanamke mmoja au wawili, aghalabu watu wazima, ambao kazi hii imewaangukia bila kutangazwa na bila malipo. Wa mtaa wetu ni shangazi yangu. Nimekaa chini mbele ya kitanda chake misimu kadhaa nikimpokeza vitu, na kila msimu heshima yangu kwa mikono yake imezidi.

Asiyejua hufunga sanduku kwa kufuata kabati: nguo na nguo, dawa na dawa, viatu chini. Shangazi hufunga kwa kufuata siku za safari. Kabla hajagusa zipu huuliza ndege inateremka wapi kwanza. Ikiwa ni Madina, hujaji atakaa huko na kanzu zake, na atahirimia akishatoka kuelekea Makka, kwenye mikati ya Dhul-Hulaifa, yaani kituo cha kuhirimia, nje kidogo ya mji. Basi vile vitambaa viwili vyeupe visivyoshonwa vya ihramu vinaweza kulala ndani ya sanduku kubwa. Ikiwa ndege inakwenda Jidda moja kwa moja, mikati itapitwa angani. Aliyeiacha ihramu yake kwenye tumbo la ndege atafika Jidda na kanzu mwilini, na fidia imeshamganda. Kwa huyo ihramu huingia mkoba wa mkononi, juu kabisa, au huvaliwa nyumbani kabla ya kutoka na nia ikangojwa huko juu. Wakala wa hija hutoa orodha moja kwa wote, kijana na ajuza, wa Madina na wa Jidda. Shangazi huipokea kwa adabu, huikunja, na huitia chini ya mto.

Baada ya hapo huja shughuli ya harufu, ambayo kwa nyumba ya Kizanzibari ni mtihani. Sisi nguo ya safari tunaifukiza udi, na kabati la mwanamke mwenye kujitunza halikosi asumini iliyokauka. Lakini aliyekwisha kuhirimia haruhusiwi manukato, nguoni wala mwilini. Kwa hiyo ihramu hufuliwa peke yake, huanikwa peke yake, hutiwa katika kifuko chake cha kitambaa na kulazwa chumba kisichofukizwa. Sabuni nayo iwe haina harufu, na hiyo ni adimu kuliko mtu anavyodhani. Nimemwona shangazi akinusa vipande vya sabuni dukani, kimoja baada ya kimoja, mpaka muuza duka akamwambia, "Bibi, hizo si za kula."

Karatasi hazimchukui muda mrefu. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele, nakala yake ikae mbali na yenyewe, dawa za presha na sukari zibaki katika maboksi yake pamoja na cheti cha daktari. Anachokisisitiza ni kalenda ya sindano. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo hutakiwa ipigwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Ya homa ya manjano nayo huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku 10, ingawa tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha, hairudiwi. Anayekwenda kudungwa wiki ya kuondoka, kwa shangazi, huyo amechelewa kufunga sanduku hata kama nguo zake zimekwisha kukunjwa.

Ufundi wenyewe hasa uko katika begi dogo. Wageni wa hija hudhani sanduku kubwa ndiyo safari, kumbe sanduku kubwa hubaki hotelini Makka. Tarehe 8 ya Mfungotatu hujaji hutoka kwenda Mina, kesho yake Arafa, usiku huo hulala Muzdalifa chini ya mbingu, kisha hurudi Mina kwa siku za kurusha vijiwe. Siku hizo tano au sita huishi kwa kile anachoweza kukibeba begani, katika umati ambao ukiinama kufunga kiatu unaweza usimwone tena uliyekuwa naye. Shangazi hulipakia begi hili kinyumenyume: cha mwisho kutumika kinatangulia chini. Chini kabisa hukaa nguo ya kuvaa baada ya kunyoa tarehe 10. Juu yake huja mswaki na sabuni ile isiyo na harufu, kisha barakoa, maana kikohozi cha Mina hakimwachi mtu, na tangawizi kavu iliyotwangwa na iliki kwa ajili ya kikohozi hicho hicho. Halafu kifuko kidogo cha kamba, kitupu. Hicho ni cha vijiwe vya kuokota Muzdalifa: 49 kwa anayeondoka Mina tarehe 12, 70 kwa anayengoja mpaka 13. Chupa ya maji na mwavuli hukaa nje, mkono uvifikie bila kufungua kitu.

Juu ya mwavuli huwa mkali. Mwanamume aliyehirimia hafuniki kichwa kwa kofia wala kilemba, lakini kivuli cha mwavuli kinajuzu, na jua la kule halina huruma kwa mwenye aibu ya kushika mwavuli. Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo vya watu zaidi ya 1,300, wengi wao waliokwenda bila kibali rasmi na kutembea masafa marefu juani bila hema la kujihifadhi. Tangu hapo hakuna mzee anayetoka mtaani kwetu bila mwavuli, apende asipende.

Na kanga. Kama ingebidi nichague kitu kimoja cha kuusifia ufundi huu, ningechagua doti ya kanga iliyofuliwa mara nyingi mpaka imelainika. Muzdalifa ni tandiko, hemani ni shuka, penye wanawake wengi na nafasi finyu ni pazia la kubadilishia nguo. Ikiloweshwa na kukamuliwa hupooza shingo. Uzito wake ni mdogo kuliko wa taulo na hukauka kabla ya adhana nyingine. Kipande chake hufungwa kwenye mpini wa sanduku kubwa, kwa sababu kundi zima hupewa masanduku ya rangi moja, na uwanja wa Jidda si mahali pa kusoma majina. Siku hizi kanga zilizochakaa pia hushonwa vifuko vya kutenganishia vitu, badala ya mifuko ya plastiki.

Lipo fungu jingine la kazi ambalo halina kilo. Wakati sanduku liko wazi kitandani, shangazi humtuma mwenye safari kwenda kutoa: kulipa madeni, kurudisha amana, kuandika wasia, kuacha matumizi ya nyumba mpaka siku ya kurudi, na kupita mlango kwa mlango kutaka radhi. Nilikuwa nikiona mambo haya ni ya msikitini, hayahusu kukunja nguo. Sasa naona ni fundi yule yule na hesabu ile ile. Msimu mmoja alikataa kulifunga sanduku la mtu mmoja mpaka akaseme na nduguye, na tulikaa siku mbili tukilitazama likiwa wazi. Wazee wetu walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumaliza mambo kabla ya kupanda chombo. Jahazi la Unguja lilikwenda kaskazini kwa upepo wa kusi, na kusi haina mjuano na mwezi mwandamo: hija hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, upepo hauifuati. Aliyesafiri kwa tanga huenda akangoja bandarini miezi, kwenda au kurudi. Kasha lake lilibeba chakula cha kukaa, na wapo waliotia humo sanda yao wenyewe.

Shangazi ana katazo moja tu lisilojadiliwa. Kifurushi cha jirani, hata kiwe visheti vya kumpelekea mtoto wa mtu Jidda, hufunguliwa mbele ya mwenyewe na kufungwa upya kwa mkono wake yeye, au hakiendi. Nimesikia watu wakinung'unika kwamba ni kumvunjia mtu heshima. Sikubaliani nao. Mlangoni mwa forodha atakayejibu ni mwenye sanduku, na Saudia haina mchezo na dawa zilizokatazwa wala na mirungi.

Sanduku likifungwa, theluthi yake huwa tupu kwa makusudi. Tende, misala na tasbihi za mtaa mzima zitarudi humo, na zamzam itakuja katika boksi lake la lita 5. Hujaji akisharudi, watu wakishakwisha kumpongeza na kuombewa dua, shangazi huenda nyumbani kwake jioni na kuomba aoneshwe lile begi dogo kabla halijatolewa vitu. Hatazami zawadi. Hutafuta kilichorudi na mkunjo wake wa Unguja, hakikuguswa, kisha huuliza nini kilitamaniwa na hakikuwapo. Hivyo ndivyo mto wa kupuliza ulivyotolewa, na taulo la pili, na achari iliyomwagika njiani, na mahali pake pakaingia pini kubwa nne za kushikia ihramu, mafuta ya kupaka mapajani yasiyo na harufu, na kandambili za akiba, kwa sababu za kwanza hupotea mlangoni mwa msikiti.