Namba ya Makala na Jina la Kipunji

Tarehe 20 Mei 2005 jarida la Science la Marekani lilitoa makala juu ya kima ambaye wataalamu wa wanyama hawakuwa wamemwandika kabla ya hapo. Alikuwa ameonekana mwaka 2003 katika misitu ya Mlima Rungwe, juu ya mji wa Tukuyu, na mwaka uliofuata katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Makala hiyo ina namba yake ya kudumu, ianzayo na 10.1126, nayo haigeuki hata maandishi yakihamishwa kutoka ghala moja la kompyuta kwenda jingine. Mnyama mwenyewe aliitwa Lophocebus kipunji. Namba ipo hadi leo. Jina halikumaliza miaka miwili.

Maelezo ya kwanza yalitegemea picha, na baadhi ya wataalamu walinung'unika ya kwamba picha si ushahidi wa kutosha. Kisha dume mmoja asiyekomaa akafa katika mtego wa mkulima, katika shamba la mahindi pale Rungwe. Mwili wake ukapimwa, na ikadhihirika ya kuwa mnyama huyo ana udugu na nyani zaidi kuliko na wale kima aliowekwa pamoja nao. Mwaka 2006 jarida lile lile likamtangazia jamii yake peke yake, Rungwecebus, ambayo ni jamii mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Ni rahisi kuidhania namba ya kudumu kuwa muhuri wa ukweli. Sivyo. Namba ni ya makala, wala si ya mnyama. Makala ya 2005 itabaki na namba yake, na kosa lake ndani, na msomaji anayeishia hapo atakwenda zake na jina lililokwisha kuachwa. Ili aokoke, yampasa ajue ni nani waliokuja kuitaja makala hiyo baadaye. Marejeo ya chini ya ukurasa humwonyesha waliotangulia tu. Waliofuata hawamo, kwa kuwa walikuwa hawajaandika bado.

Kasoro hiyo ilionwa zamani. Mwaka 1955, katika jarida hilo hilo la Science, Eugene Garfield alipendekeza faharasa ambayo mtu angefungua makala ya kale akaona orodha ya zote zilizoitaja. Faharasa yake ya sayansi ilianza kutolewa kwa utaratibu mwaka 1964, vitabu vizito vya maandishi madogo. Ushirika wa wachapaji uitwao Crossref, ulioanza mwaka 2000, umeifanya kazi hiyo kuwa nyepesi: mchapaji huandikisha namba ya kila makala pamoja na anwani yake ya intaneti, na akitaka, huweka pia orodha ya marejeo yake. Jarida likihama, mchapaji hurekebisha anwani katika daftari, na namba humpeleka msomaji mahali papya. Kwa hiyo kudumu kwa namba ni ahadi ya watu. Mchapaji akifilisika au akizembea, namba huelekeza kwenye nyumba tupu.

Manufaa ya utaratibu huu yanaonekana zaidi Rungwe kuliko mahali pengi, maana huko majina yamebadilika mno. Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. D. R. MacKenzie alipotoa kitabu chake mwaka 1925 aliwaita wenyeji Wakonde. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, waliwaita Wanyakyusa. Mwanafunzi anayetafuta neno "Nyakyusa" peke yake huenda asimwone MacKenzie kabisa. Hata majarida hubadili majina. Makala ya Godfrey Wilson ya mwaka 1936 ilitokea katika Bantu Studies, jarida ambalo tangu 1942 huitwa African Studies. Wasomaji wa insha za Kiswahili wanalijua jambo hili nyumbani kwao, kwani taarifa iliyoanzishwa na Kamati ya Lugha mwaka 1930 ilikuja kuwa Swahili, kisha Kiswahili, na maktaba nyingine huziweka juzuu hizo katika rafu mbalimbali kama kwamba ni watu wasiojuana. Katika vurugu hiyo, namba isiyo na lugha wala taifa ni msaada wa kweli.

Lakini faharasa iliyobuniwa kumsaidia msomaji imegeuzwa mizani ya kumpimia mwandishi. Vyuo huhesabu mara ambazo makala imetajwa, na hesabu hiyo huamua cheo cha mtu. Hapa pana dhuluma, nayo haina haja ya kutafutiwa jina la upole. Kisichoandikishwa hakihesabiwi. Mhariri wa jarida dogo la Kiswahili akikosa kuweka marejeo yake, mwandishi aliyetajwa humo huonekana kana kwamba hakusomwa na mtu. Tena kutajwa si kusifiwa: makala ya kima ya mwaka 2005 ilitajwa na walioipinga pia, na hesabu haikutofautisha.

Na wapo wasioweza kuingia katika daftari hilo kwa mlango wowote. Kabla ya watafiti kumwona kipunji, walikwisha kulisikia jina lake kwa Wanyakyusa, wakashuku kuwa huenda ni kiumbe cha ngano. Leo kila mtaalamu wa Ulaya au Japani anayemtaja mnyama huyo analazimika kutamka neno la Kinyakyusa. Waliolisema kwanza hawana namba.

Kasoro ya wenyeji hao faharasa haiwezi kuiponya. Ya majarida yaweza. Tangu Januari 2023 Crossref imeondoa ada kwa wachapaji wa nchi kadhaa zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo. Kilichobaki ni kazi ya mezani: kuandikisha makala mpya pamoja na marejeo yake yote, kisha kurudi nyuma, juzuu baada ya juzuu, mpaka zile za mwanzo.