Upeo wa Guéreins juu ya Maji ya Rumonge

Stellarium, programu huria iliyoasisiwa na Mfaransa Fabien Chéreau, husifiwa kwa kumwezesha mtumiaji kulitazama anga kutoka popote duniani. Sifa hiyo ni kweli nusu. Katika faili la mipangilio, config.ini, mstari mmoja wa mahali pa kuanzia watosha kumhamishia mtazamaji Rumonge, na nyota hujipanga sawasawa. Mandhari ya awali, hata hivyo, ni ya Guéreins, kijiji cha Ufaransa. Na Kilimia, chenye kubeba kilimo katika jina lake, huitwa Pleiades.

Kasoro ya upeo ndiyo nzito zaidi. Wavuvi wa ndagaa wa Ziwa Tanganyika huvizia usiku usio na mbalamwezi, ili taa zao ziwavute samaki. Kwa mtu aliyeko Rumonge, mwezi huzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mapema kuliko saa inayokokotolewa kwa upeo tambarare. Taa zenyewe hazina nafasi katika faili hilo ila chini ya kipimo cha uchafuzi wa mwanga: istilahi stahiki kwa mwanafalaki, lakini kwa mvuvi mwanga huo ni chambo.

Marekebisho yanawezekana. Mandhari mapya huundwa kwa picha ya upeo na faili fupi, landscape.ini, picha hiyo yaweza kupigwa ufukweni Rumonge, kamera ikielekezwa magharibi.