Pongezi kwa watuma habari wa Kalemie

Waandishi wa habari wa Kalemie wanastahili pongezi. Mji wao uko pale mto Lukuga unapotoka Ziwa Tanganyika, mbali sana na Kinshasa, na mtandao ukilegea kazi nzima hukwama.

Hata hivyo habari hutoka. Mwandishi mzoefu hutanguliza maandishi: aya mbili tatu, nyepesi kiasi cha kupita hata mtandao unapokatika-katika. Sauti hufuata, ikiwa imepunguzwa uzito. Picha huja mwisho, moja tu, na ikibidi husubiri usiku wa manane watumiaji wapungue. Habari ya Moba au Nyunzu, miji mingine ya mkoa huo wa Tanganyika, huweza kuanza kwa simu ya kawaida: mwandishi wa huko anasoma, wa Kalemie anaandika, kisha anamsomea tena kila jina na kila tarakimu. Hapo ndipo ufundi wao unapoonekana zaidi, maana kosa likishasambaa ni vigumu kulifuta.

Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 25, 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, imesimama juu ya kazi ya namna hii, na Kiswahili ni moja ya lugha zake tano. Ofisi za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini Kongo, zilifungwa mkoani Tanganyika Juni 2022. Hata baada ya hapo, habari za Kalemie bado zinatoka.

Wenye vyombo vya habari wawalipie waandishi hawa intaneti na mafuta ya jenereta, badala ya kuwaachia wajitafutie.